Sahani ya Nne

Mabasi ya Lamu yalipokwama Garsen, kila mtu alidhani ni jambo la saa mbili tatu. Abiria walishuka kunywa chai, wakarudi vitini. Wakashuka tena kutafuta chakula cha mchana, wakarudi. Kufikia alasiri kina mama walikuwa wametandika leso kwenye vivuli vya mabasi, na bwana mmoja ameanika soksi kwenye kioo cha dereva. Mto Tana ulikuwa umepanda ukaimeza barabara, mbele ya mji na nyuma yake. Garsen ikawa kisiwa chenye mbuzi wengi na sukari kidogo.

Katika vurugu hiyo Fosia alifika steji kutafuta hamira. Alivaa jilbabu ya kijani kibichi, pindo amelikusanya kwa mkono mmoja lisiburure tope, na chini yake miguu ilikuwa na hina iliyoanza kufifia. Hamira hakupata. Alichokiona ni turubai lililotandazwa kando ya basi, na juu yake vitabu vimelazwa wazi, vimelowa, na kijana mrefu wa kikoi amechuchumaa akivipepea kwa kipande cha boksi kama mtu anayepepea jiko.

Kitabu kimoja kilikuwa na picha ya keki ya ghorofa tatu. Fosia aliinama akakishika kabla hajajua anachofanya.

"Hicho hakishikwi na mkono wa tope, bibi," kijana alisema.

"Na wewe umekilaza juu ya tope."

Kijana akatazama turubai lake, kisha akamtazama yeye, akacheka kwa sauti ya chini. Fosia akauliza kama ndani mna keki kweli au ni picha ya juu tu. Akajibiwa kwamba mna keki, mna biskuti, na mna mambo mengine ambayo mwenye vitabu mwenyewe, wallahi, "siyui hata majina yake."

"Siyui," Fosia alirudia, akitabasamu ndani ya mtandio. "Wewe ni wa Kipini."

Alikuwa wa Kipini kweli. Jina lake Ubeid, ana duka la vitabu na kalamu huko kwao, na shehena hii alikuwa ameitoa Mombasa, na paa la basi lilivuja. Vya shule vilikuwa vingi, vya mapishi vitatu tu, kwa majaribio. Alitaka kujua kama watu watanunua. Fosia alikuwa na pesa ya kimoja. Akavipindua vyote vitatu, akavirudia, akauliza bei mara ya pili kana kwamba ingeshuka yenyewe, na jua likaanza kuinama naye bado hajachagua.

Tusimcheke. Kwa Fosia hilo halikuwa jambo dogo. Ndoa yake ya Garissa ilivunjika, akarudi Garsen na sanduku moja na sufuria moja kubwa, akapokelewa na kaka yake Mohamud, mfanyabiashara wa ng'ombe. Mohamud hakuwa mtu mbaya. Alimlisha, alimvisha, alimpa chumba cha stoo akalala na magunia ya mchele na chumvi ya mifugo. Ila hakuelewa mtu aliyeshiba anataka nini tena. Lango la bati lilikuwa na kufuli, ufunguo ulikaa mfukoni mwake, na kila safari ya Fosia ilianza kwa maelezo. Kitu pekee kilichokuwa chake ni keki aliyoipika kwenye ile sufuria, mchanga chini na makaa juu ya kifuniko. Majirani waliipenda. Lakini alijua keki moja tu, ya kichwani, na halua ya arusi zote za mji ilitoka Malindi. Akiwa na kitabu cha kweli angejifunza, angekodi kibanda pale sokoni, angekuwa na mlango ambao ufunguo wake anao yeye.

Hayo hakuyasema. Alisema tu kwamba anaogopa kununua kitabu mwongo.

"Basi chukua kimoja ukakijaribu," Ubeid alisema. "Ukipika, niletee nionje. Kisha chukua cha pili, kisha cha tatu. Nami nitajua kipi cha kuuza, wala siondoki leo."

*

Kitabu cha kwanza kilikuwa chekundu, kizito, chenye picha za kutamanisha. Fosia alikipeleka jikoni akakifungua mbele ya Hodan, mke wa kaka yake, na sentensi ya kwanza ilimwambia awashe oveni. Hodan alicheka hadi akakaa chini. Fosia alipika hivyo hivyo, akaikata keki iliyotokea, akaiweka kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu na kumpa Kanze aipeleke gesti alikofikia Ubeid, pamoja na kitabu chenyewe na namba yake ya simu. Kanze aliuza makaa mlango kwa mlango, na hakuna aliyemuuliza anatoka wapi wala anakwenda wapi. Alikuwa mama wa makamo, Mgiriama, mwenye mdomo wa kufunga inapotakiwa.

Simu ilikuja baada ya magharibi.

"Katikati imezama," Ubeid alisema, "lakini pembeni ni tamu. Nimekula pembeni nikizunguka, nikafika katikati, nayo nikaila."

"Mwongo ni kitabu, si mimi."

"Wewe siwezi kukuita mwongo. Sikuyui vizuri bado."

"Bado," Fosia alirudia, na usiku huo magunia ya mchele hayakumbana sana.

Kitabu cha pili, cha kijani, kiliandikwa na mwalimu wa sayansi ya nyumbani, nacho kilipima kila kitu kwa kikombe. Taabu ilikuwa kujua kikombe cha nani. Kikombe cha Hodan ni kikubwa, maana Hodan hanywi chai ya kuonja, na biskuti zikatoka ngumu. Ubeid akapiga simu kumwarifu kwamba amezichovya kwenye chai mpaka chai ikaisha na biskuti zikabaki. Waliongea muda mrefu. Alimweleza duka lake, baraza lake, mama yake aliyefariki mwaka juzi akamwachia nyumba yenye ua mkubwa na jiko lililokaa bure. Fosia alimweleza mambo ya Garissa, ambayo hakuwahi kumweleza hata Hodan. Walipokaribia kukata, Fosia akakumbuka kuuliza sahani zake.

"Zitakuya," Ubeid alisema.

"Lini?"

"Zitakuya, Fosia. Usinisukume."

Aliona haya kuuliza zaidi.

Cha tatu kilikuwa kijitabu tu, kimebanwa kwa pini mbili, hakina picha hata moja. Bibi mmoja wa pwani alikiandika kama anavyosema: labania, kashata, visheti, halua. Hakutaja oveni wala gramu. Alisema sufuria, makaa, na mkono. Wakati huo maziwa ya Minjila yalikuwa yamekwama mjini kwa kuwa hayakuwa na gari la kuyapeleka, yakauzwa kwa bei ya maji, na Fosia akapika labania nyeupe, laini, iliyokatika bila kubomoka. Aliitazama, akaanza kulia bila kujua sababu. Alipoona Hodan anamwangalia, akasema ni moshi, akampa Kanze sahani pamoja na kijitabu.

"Hii sikuila," Ubeid alisema kwenye simu jioni ile. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimekula kipande kimoja, nyingine nimeifunika. Naogopa itaisha."

"Nitakupikia nyingine."

"Maji yakishuka nitaondoka."

"Maji kazi yake kushuka."

"Nami sitaki yashuke, mpenzi wangu. Watu wote hapa gesti wanaomba yashuke, mimi naitikia amina kwa mdomo tu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Fosia alikaa na simu sikioni hadi salio la mwenzake likaisha. Walikuwa wamekubaliana kwamba Alhamisi Fosia angekwenda steji mwenyewe kumwambia amechagua kitabu kipi. Alijua tayari. Alitaka tu kumwambia uso kwa uso, na pengine kumwambia na jingine.

*

Alhamisi hiyo hakutoka.

Jumatano Mohamud alikwenda kunywa chai pale gesti, ambapo wanunuzi wa mbuzi waliokwama walipiga soga kutwa. Mlango wa chumba kimoja ulikuwa wazi. Dirishani, zimeoshwa na kufudikizwa zikauke, zilikuwa sahani tatu za bati, na chini ya kila moja nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha. Kila mwanamke wa Garsen hutia alama vyombo vyake visipotee kwenye karamu, na nukta mbili nyekundu ni alama ya Hodan. Mohamud amekula juu ya sahani hizo miaka kumi.

Alirudi nyumbani hakupaza sauti, na hilo lilitisha kuliko makelele. Alimwita Fosia sebuleni.

"Abaayo," alisema, yaani dada kwa Kisomali, kama alivyomwita tangu utotoni, "sahani za nyumba yangu zinafanya nini chumbani kwa mwanamume?"

Fosia alieleza vitabu, alieleza Kanze, aliapa kwamba hajakanyaga gesti. Mohamud alimwamini, na bado haikusaidia.

"Mimi nakuamini. Waliokuwa wanakunywa chai je? Kaziweka dirishani. Zote tatu. Mtu mwenye nia njema akishakula, harudishi chombo?"

Neno hilo lilimchoma Fosia mahali pabaya, kwa sababu ndilo aliloliuliza moyoni. Kweli, kwa nini hakurudisha? Kanze alikuwa anapita kila siku, mikono mitupu. Mara mbili aliuliza, mara mbili akaambiwa zitakuja. Akaziona kichwani mwake zile sahani dirishani, moja juu ya nyingine, na wanaume wakicheka juu ya vikombe vyao, na kijana wa kikoi akiwaonyesha: hii ya kwanza, hii ya pili. Aliwahi kuolewa na mtu mwenye maneno mazuri. Alidhani amejifunza.

Mohamud akachukua simu ya Fosia, akaiweka mfukoni pamoja na ufunguo. Akamwambia kwamba Abdiwahab wa Bura ameuliza habari zake tangu Ramadhani, na barabara ikifunguka atakuja. Abdiwahab alikuwa mshirika wake wa ng'ombe, mtu mzima mwenye wake wawili, mpole, asiye na kashfa.

Kuanzia siku hiyo Fosia hakutoka nje ya lango. Alisikia mji kupitia bati: mbuzi, adhana, injini zinazowashwa kujaribiwa na kuzimwa. Kanze alileta makaa, naye Fosia akamkabidhi ujumbe wa sentensi moja, kwamba Ubeid azitupe zile sahani mtoni na yeye mwenyewe azifuate. Kanze alisikiliza, akajitwika kapu.

"Hayo mimi siyapeleki, dadangu," alisema. "Yule mtu nimemuona jana ameungua vidole. Ulimi wako utapoa, ndio utanituma tena."

Fosia hakuuliza aliunguaje, kwa kiburi. Jambo la ajabu ni kwamba, pamoja na hasira yote, aliamka kila asubuhi akiomba maji yasishuke. Maji yakiwapo, Abdiwahab hawezi kuja. Na yule mwingine hawezi kuondoka.

Maji yakashuka.

*

Abdiwahab alifika na gari lililopakwa tope hadi madirishani, ndevu amezitia hina, kanzu amebadilishia njiani. Alikuwa na adabu. Aliuliza afya ya kila mtu, aliwaletea watoto tende, akasema kwa sauti inayofika jikoni kwamba amesikia dada anapenda kuoka, na kwamba nyumba yake ya Bura ina jiko la gesi lenye oveni chini, halijawahi kutumika. Wageni wake ni wengi, na angefurahi wapate mkono wa kuwapikia.

Nyuma ya pazia, Fosia alikuwa ameshika chupa ya chai. Akaikumbuka ile picha ya keki ya ghorofa tatu. Oveni ya kweli. Aliiona kabisa, inang'aa, ndani ya ua mwingine, nyuma ya lango lingine, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Hapo lango likagongwa.

Mohamud alilifungua mwenyewe. Ubeid alisimama pale na kanzu nyeupe iliyotapakaa tope hadi magotini na kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, sahani mbili mikononi, na nyuma yake Kanze na sahani nyingine mbili, akitazama angani kama mtu asiyehusika. Vidole vya Ubeid vilikuwa vimefungwa kitambaa. Mlangoni mwa mtu, kwa adabu ya Kisomali au ya Kipini, mwenye kubeba chakula hafukuzwi. Mohamud akampisha aingie.

"Shekhe Mohamud," Ubeid alisema, akiwa bado wima, "nimeleta sahani za nyumba yako. Naomba radhi. Kwetu, sahani iliyokuya na chakula haturudishi tupu. Kurudisha tupu ni kumwambia mtu usinipikie tena. Nami nimekwama gesti, sina jiko, sina mama, sina dada. Biskuti za duka niliona haya kuzitia. Basi nikazikalia nikiwaza, na kuwaza kwangu kumemletea ubaya mtu asiye na kosa."

"Na hivi vimepikwa na nani?" Mohamud aliuliza, akitazama sahani.

"Na mimi. Ndiyo maana vimeungua."

Kanze alikohoa. Alikuwa amemuazima jiko, na alikuwa ameona yote.

Keki ya kitabu chekundu ilikuwa nyeusi juu na mbichi katikati. Biskuti za kitabu cha kijani zilishikana zikawa kitu kimoja. Labania haikukubali kuganda, ilitiririka hadi ukingoni. Ubeid aliziweka mezani moja moja, mbele ya Abdiwahab, bila kujitetea. Kisha akachukua sahani ya nne kutoka kwa Kanze. Ilikuwa ya udongo, ya maua, mpya. Ndani yake mlikuwa na halua. Haikuwa nzuri, lakini ilikuwa halua, inameta samli, inanukia iliki, na katika nyumba ile hakuna aliyehitaji kufafanuliwa halua huliwa siku gani.

Mohamud aliinyanyua akatazama chini yake. Haina alama.

"Hii si yetu."

"Hizi tatu zimerudi," Ubeid alisema. "Hiyo ya nne imekuya."

Abdiwahab aliweka kikombe chake chini polepole. Mohamud, ambaye uso wake ulikuwa umeiva, alimgeukia Hodan.

"Imwage hii halua kwenye sufuria," alisema. "Mpe mgeni sahani yake sasa hivi aende. Tupu."

Sasa kila mmoja sebuleni alijua maana ya neno hilo, kwa kuwa lilikuwa limetoka kuelezwa. Hodan alinyoosha mkono. Lakini mkono wa Fosia ulifika kwanza. Alikuwa ametoka nyuma ya pazia na chupa ya chai bado kwapani, mtandio umeteleza kidogo.

"Abowe, kaka yangu, usimpe."

"Fosia."

"Msichana akinyamaza wanahesabu amekubali. Mimi nimeshaolewa nikaachika, mimi lazima niseme. Wewe mwenyewe unalijua hilo." Akamgeukia mgeni wa Bura, akainamisha kichwa kwa heshima. "Shekhe Abdiwahab, Mungu akubarikie jiko lako. Mimi sitaki."

Abdiwahab alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mfanyabiashara, alijua soko likivunjika. Fosia akamtazama Ubeid kwa mara ya kwanza tangu steji, na macho yakamjaa.

"Nilikutukana sana," alisema. "Kanze hakukuletea, ila nilikutukana."

"Nilistahili."

"Kile kidogo. Kisicho na picha. Ndicho nilichochagua."

Ubeid akaingiza vidole vilivyofungwa mfukoni mwa kanzu, akakitoa, kimejikunja kwa kukaa pale, akakiweka mezani kando ya keki iliyoungua. Mohamud aliuliza, kwa ukali uliokwisha kupungua, na sahani je.

"Sahani haiendi leo, abowe. Sijapata cha kutia."

Ubeid aliinamisha uso haraka. Mohamud aliwatazama wote wawili, kisha, pengine kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akavunja kipande cha ile keki akatafuna.

"Imeungua," alisema. Akavunja kingine. Kisha akasema kwamba mtu akiwa na wazee kwao, wazee hao wana miguu, na honi ya basi ndiyo hiyo inalia. Hakusema ndiyo. Alimsindikiza Ubeid hadi langoni, akalifunga, akarudisha ufunguo mfukoni.

Jikoni, Hodan aliikausha ile sahani ya maua baada ya kuhamisha halua, akachukua kichupa chake cha rangi nyekundu.

"Niitie alama yetu, isipotee?"

"Usitie," Fosia alisema. "Hiyo ina kwao."

Hodan akamtazama, akafunga kichupa, akamsogezea simu ya kwake, ambayo namba yake Kanze alikuwa amempa Ubeid. Ilikuwa inaita.

"Sahani yangu iko wapi?" sauti iliuliza, katikati ya injini na abiria wanaogombea viti.

"Iko rafu ya juu."

"Ina kitu ndani?"

"Bado natafuta, mpenzi. Waambie wazee wako waje wanisaidie kutafuta."

Alimsikia akicheka, kisha basi likaingia mahali ambapo mtandao haufiki na sauti ikakatika. Nje, Mohamud alikuwa akimsindikiza Abdiwahab kwenye gari. Lango lilifunguliwa, likafungwa, kufuli likalia. Fosia akajifunga leso kiunoni, akakifungua kile kitabu kwenye ukurasa wa halua, pale bibi yule anaposema ukoroge mpaka mkono ukuombe msamaha, akawasha makaa.